Socorro! Historia fupi ya maneno ya kuomba msaada

Najua nimekuwa kimya, majukumu ya chumba cha habari yamenibana kwelikweli. Leo nimepata nafasi na nina jambo ambalo limenikaa kooni kwa wiki mbili sasa.

Lilianza hivi. Mdogo wangu wa kike alinipigia simu usiku. Amepata nafasi ya kwenda kusoma Hispania, viza imetoka, tiketi imekatwa, nyumbani ni shangwe tupu. Akaniambia, "Kaka, wewe si ulisoma Kihispania? Nifundishe maneno ya dharura tu. Mengine nitayaokota huko huko."

Kusema kweli, huko "kusoma Kihispania" kwangu ni miezi mitatu ya darasa la jioni, tena miaka kadhaa iliyopita. Lakini kaka ni kaka, huwezi kukiri kirahisi hivyo. Nikachukua karatasi, nikaanza kumwandikia. Socorro, yaani nisaidieni jamani. Ayuda, msaada. Llame a una ambulancia, ita gari la wagonjwa. Dakika kumi tu nikawa nimemaliza, nikajisikia mtaalamu. Ndipo nikamsikia mama kwa mbali akipaza sauti kwenye simu ile ile: "Mwambie amfundishe na kusema kwamba ana kifua!"

Kalamu ikasimama hapo hapo.

Mdogo wangu ana pumu tangu utotoni. Ila kwetu nyumbani hatusemi pumu, tunasema kifua. "Usimpeleke kwenye vumbi, ana kifua." Kila daktari aliyewahi kumtibu hapa Dar anaelewa. Sasa ukilitafsiri neno hilo kwa Kihispania kama lilivyo unapata tengo pecho, yaani nina kifua, kama vile mtu aseme nina pua. Daktari wa Madrid atakutazama na kungoja umalizie sentensi. Na mtu aliyebanwa na pumu hana pumzi ya kumalizia sentensi.

Usiku ule sikulala mapema. Nilianza kusoma habari za watu ambao walikuwa na neno, wakalisema, wakasikika, na bado mambo yakaharibika. Ebu tuanze na Florida.

Ilikuwa Januari 1980. Kijana wa miaka 18, wa familia yenye asili ya Kuba, alifikishwa hospitalini kusini mwa Florida akiwa hana fahamu. Ndugu zake walikuwa wanaamini kwamba kuna chakula alichokula kikamdhuru. Wakatumia neno la kwao: intoxicado. Katika Kihispania cha Kuba neno hili halina ubaya wowote. Ni mtu aliyekula au kunywa kitu kikamletea madhara, kama sisi tunavyosema "amekula kitu kibaya". Lakini masikio ya Kiingereza yalisikia kitu kinachofanana na "intoxicated", yaani amelewa, ametumia vitu. Madaktari wakamtibu kama kijana aliyezidisha dawa za kulevya.

Ukweli ni kwamba alikuwa anavuja damu kichwani. Zilipita siku mbili hivi kabla hilo halijajulikana. Alipona kifo, lakini akapooza mikono na miguu. Kesi iliisha kwa makubaliano ya malipo yaliyokadiriwa kufikia dola milioni 71 kwa maisha yake yote, na hadi leo hutajwa kila wanapofundishwa wakalimani wa hospitali nchini Marekani.

Kilichonishtua mimi si ile milioni 71. Kilichonishtua ni kwamba hakuna aliyeita mkalimani, na sababu ni kwamba hakuna aliyeona haja. Familia ilijua Kiingereza kidogo, waliowapokea walidhani wameelewa, kila upande ukaondoka ukiamini umeelewana na mwenzake. Kama wangekuwa hawaelewani kabisa, kama ingekuwa Kichina na Kifini, wangeita mtu wa kutafsiri. Kilichomponza kijana yule ni kuelewana nusu.

Sasa wadau, usidhani jambo hili ni la Wahispania peke yao. Jiulize wewe mwenyewe ungesema nini. Sisi tunasema "baba ana presha", tukimaanisha shinikizo la damu. Mwambie daktari wa Kiingereza kwamba baba ana "pressure", anaweza kudhani mzee ana msongo wa mawazo kazini. Tunasema "bibi ana sukari". Tunasema "nina homa" na hapo kila mtu anachagua mwenyewe kama ni malaria, mafua au joto la mwili tu. Kila lugha ina maneno yake ya nyumbani ambayo yanafanya kazi vizuri hadi siku yanapovuka mpaka.

Haya, kutoka hospitali twende angani.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52, aina ya Boeing 707, ilikuwa inatoka Kolombia kwenda New York ikiwa na watu 158. Hali ya hewa ya pwani ile ilikuwa mbaya na foleni ya kutua ilikuwa ndefu. Ndege ikaambiwa izunguke isubiri. Ikazunguka. Ikaambiwa tena. Jumla ilisubiri angani kwa takriban saa moja na dakika 17, mafuta yakizidi kupungua. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa anaongea na waongozaji ndege kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa afadhali kuliko cha nahodha. Akawaambia kwamba wanahitaji "priority", yaani kipaumbele. Baadaye, waliposhindwa kutua kwenye jaribio la kwanza, akasema kwamba mafuta yanawaishia. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa.

Neno ambalo hakulisema ni "emergency". Hakusema pia "mayday". Na kwa mwongozaji ndege, hayo mawili ndiyo yanayofungua mlango. Mengine yote ni maelezo, na usiku ule kila ndege ilikuwa na maelezo yake. Nahodha alimwagiza msaidizi wake awaambie kwamba ni dharura, na msaidizi akaamini kwamba ameshawaambia. Kwenye uchunguzi uliofuata lilijadiliwa sana hilo neno "priority" na ndugu yake wa Kihispania, prioridad, ambalo masikioni mwa msemaji wa Kihispania linaweza kubeba uharaka mkubwa kuliko linavyobeba kwa Kiingereza. Ndege iliangukia kwenye kilima cha Cove Neck, Long Island. Walikufa watu 73. Haikuwaka moto mkubwa, kwa sababu hapakuwa na mafuta ya kuwaka.

Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilisema wazi kwamba marubani walishindwa kusimamia mafuta yao na walishindwa kutangaza dharura kabla hayajaisha. Lakini ilitaja pia kwamba hapakuwa na maneno ya pamoja, yanayoeleweka na kila mtu duniani, ya kusema mafuta yamebaki kidogo na ya kusema mafuta yanakwisha. Leo yapo. Tangu mwaka 2012 kanuni za kimataifa zinamtaka rubani aseme "minimum fuel" akifika hatua ya kwanza, na "mayday" mara tatu ikifuatiwa na "fuel" akifika hatua ya mwisho. Imechukua miaka 22 tangu Cove Neck.

Hilo "mayday" lenyewe lina hadithi tamu. Halihusiani na siku wala na mwezi wa Mei. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, afisa wa redio wa uwanja wa ndege wa Croydon, London, aitwaye Frederick Mockford, alitakiwa atafute neno moja ambalo marubani wa Uingereza na wa Ufaransa wangelielewa wote wakati wa hatari, kwa kuwa ndege nyingi za Croydon wakati ule zilikuwa zinakwenda Paris. Akachagua "mayday", linalosikika kama maneno ya Kifaransa ya kuomba msaada. Mwaka 1927 likakubaliwa kimataifa. Na husemwa mara tatu ili lisichanganywe na neno jingine kwenye redio yenye kelele. Ona ujanja wake: Mockford hakutafuta neno zuri. Alitafuta neno ambalo pande mbili zimekubaliana mapema uzito wake.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Kiswahili na Kihispania viliwahi kukutana kwenye hatari, tena karibu na nyumbani.

Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alipita Dar es Salaam kwa siri, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo kuwasaidia wapiganaji wa huko. Wakuba waliomfuata walizidi mia moja. Ili kuficha majina yao walipewa namba za Kiswahili. Victor Dreke, kamanda, akawa Moja. Mwingine akawa Mbili. Che mwenyewe akawa Tatu. Yaani mtu maarufu kuliko wote katika mapinduzi ya Amerika ya Kusini alikuwa anaitwa Tatu kwenye vilima vya mashariki ya Kongo, na kwa kuwa alisomea udaktari, wanavijiji walimjia na maradhi yao.

Che alijua Kifaransa, lakini wapiganaji wengi wa kawaida hawakukijua. Wao walikuwa na Kiswahili na lugha zao. Akapewa kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, aliyekuwa na umri wa kama miaka 16, awe mwalimu wake wa Kiswahili na mkalimani wake. Fikiria hapo: amri inatoka kwa Kihispania, inapita kwenye Kifaransa, inafika kwa Kiswahili, na risasi hazingoji. Mwishoni mwa Juni 1965 walishambulia kambi ya Bendera, shambulio likashindwa vibaya, Wakuba wanne wakauawa. Zilikuwepo sababu nyingi za kushindwa kule na Che mwenyewe aliziandika bila kuficha, akiwa amejificha kwenye ubalozi wa Kuba Dar es Salaam baada ya kuondoka Kongo Novemba mwaka ule. Ila kutoelewana kulikuwa mojawapo. Neno "dawa" lilimsumbua sana. Kwa daktari, dawa ni kidonge na sindano. Kwa wapiganaji wale, dawa ilikuwa kinga ya mganga inayogeuza risasi kuwa maji. Neno moja, na ndani yake vita viwili tofauti.

Na Freddy Ilanga? Alipelekwa Kuba. Akajifunza Kihispania, akasomea udaktari, akawa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Aliishi huko hadi alipofariki mwaka 2005. Kijana aliyeanza kwa kumfundisha mgeni maneno ya Kiswahili msituni, alimaliza maisha yake akifungua vichwa vya wagonjwa wanaolia kwa Kihispania. Nikifikiria yule kijana wa Florida aliyevuja damu kichwani, habari hii hunigusa kwa namna nisiyoweza kuieleza vizuri.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2018 Kenya ilipokea madaktari 100 hivi kutoka Kuba, mpango ambao serikali ya huko iliusitisha mwaka 2023. Watu walibishana sana juu ya mishahara. Mimi nilikuwa nawaza yule mama wa kijijini anayeingia chumba cha daktari na kusema "moyo unanienda mbio", na yule daktari wa Havana aliye upande wa pili wa meza.

Hadi hapa unaweza kudhani nasema lugha ni mtego tu. Hapana. Waliojipanga wamefanya maajabu kwa maneno machache sana.

Tarehe 19 Septemba 1985, saa moja na dakika chache asubuhi, tetemeko kubwa liliupiga mji wa Mexico na kuua maelfu ya watu. Baada ya hapo watoto wa Mexico wakalelewa na sentensi fupi za mazoezi: no corro, no grito, no empujo. Sikimbii, sipigi kelele, sisukumi. Angalia kwamba kila moja inaanza na mimi. Haimwambii mtoto "usikimbie", inamfanya ajisemee mwenyewe. Miaka 32 baadaye, tarehe ile ile ya 19 Septemba, mwaka 2017, tetemeko jingine likapiga, saa chache tu baada ya mazoezi ya kumbukumbu. Dunia nzima iliona picha za waokoaji wakiinua ngumi juu ya vifusi. Ngumi ile maana yake ni silencio, kimya, tumsikilize aliye chini. Maelfu ya watu mtaani wananyamaza mara moja. Neno la dharura kuliko yote siku ile halikutamkwa kabisa.

Na Chile, mwaka 2010. Tarehe 5 Agosti mgodi wa San José kwenye jangwa la Atacama uliporomoka, wachimbaji 33 wakabaki chini, kama mita 700. Kwa siku 17 hakuna aliyejua kama wapo hai. Tarehe 22 Agosti ncha ya mtambo wa kuchoronga ilipanda juu ikiwa na karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: Estamos bien en el refugio, los 33. Tuko salama kwenye kimbilio, wote 33. Isome tena. Hali yetu, mahali tulipo, idadi yetu. Hakuna kilio ndani yake wala neno la ziada. Mwandishi wa habari mwenzangu, wewe unayehangaika na aya ya kwanza ya habari yako, hapo pana somo. Tarehe 13 Oktoba wote 33 walikuwa juu, baada ya siku 69.

Basi, nikarudi kwenye ile orodha ya mdogo wangu, nikaichana.

Orodha mpya ilianza na asma. Sikumwandikia kifua. Tengo asma. No puedo respirar, siwezi kupumua. Nikamwambia ataje ugonjwa kwanza, kisha kinachotokea sasa, kisha mahali alipo, kama wale wachimbaji. Namba ya Hispania ni 112, hiyo haitamsumbua, hata hapa kwetu ipo. Akakariri haraka kuliko nilivyotegemea, na kuna sababu. Sisi Waswahili tunasoma Kihispania kwa irabu zetu zile zile tano. Ile ñ yao ni ny yetu ya nyama. J yao ni kh ya kheri. Na maneno mengine tumechota kisima kimoja, Kiarabu: azúcar na sukari, hasta na hata, alcalde ambaye kwao ni meya na kadhi wetu wa hapa, wote mzizi mmoja. Meza na bendera zilitufikia na Wareno, na Mhispania anasema mesa na bandera. Me duele, ninaumwa hapa, hutamkwa "me dwele", na ingawa ni bahati nasibu tu, mtu aliyewahi kusikia neno ndwele hawezi kulisahau.

Halafu nikamjaribu. Akasema vizuri kabisa, tengo asma, no puedo respirar. Nikamjibu kama daktari: ¿Desde cuándo?

Kimya.

"Kaka, hilo hukunifundisha."

Kweli, sikumfundisha. Nadhani hapo ndipo vile vitabu vidogo vya misemo vinapotuangusha. Vinakufundisha kuuliza na kulia, halafu vinakuacha peke yako mtu akikujibu. Tukaandika karatasi ya pili, ya maswali atakayoulizwa. Desde cuándo, tangu lini. Dónde está, uko wapi. Toma algún medicamento, unatumia dawa yoyote. Es alérgica a algo, una mzio wa kitu chochote. Na sentensi ya mwisho, ambayo nilimwambia asione aibu kuitumia hata siku akijiona ameelewa: Necesito un intérprete. Ninahitaji mkalimani.

Kule Marekani suala hili la mkalimani limekuwa la siasa. Agosti 2000 Rais Bill Clinton alisaini amri iliyozitaka taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri. Machi 2025 Rais Donald Trump aliifuta alipotangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi hiyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 bado ipo na mabishano yanaendelea. Wenye hoja ya gharama wanayo hoja yao. Mimi nikisikia hesabu hizo nawaza ile milioni 71, halafu nawaza mikono ya kijana wa miaka 18.

Mdogo wangu aliondoka Jumapili. Uwanja wa ndege mama alimshika mkono, akamwambia polepole, kwa lafudhi ya kwao kabisa: "Ukibanwa usiseme kifua. Sema asma. Umesikia? Asma."

Kumbe mama naye alikuwa anakariri.

Wadau, swali la leo: kuna ugonjwa gani nyumbani kwenu ambao una jina la nyumbani tu? Ulizieni jina lake la hospitali kabla hamjalihitaji. Alamsiki.